Kielezi hakina kiti kimoja

Inanikera kanuni ile ya mstari mmoja inayoandikwa kwenye madaftari ya Kiingereza: "Katika wakati uliopita, kielezi huwekwa kabla ya kitenzi." Basi, imeisha. Mwanafunzi akiikariri ataandika "She quickly closed the door" apate vema, kisha kwa imani ileile aandike "He well played" na "They yesterday arrived", akute kalamu nyekundu. Ataduwaa, na ana haki ya kuduwaa, maana ameifuata kanuni aliyopewa neno kwa neno.

Kanuni hiyo si uongo mtupu. Ina kundi lake la vielezi: "never", "always", "often", "rarely", "almost", "nearly". Hivi hukaa kati ya kiima na kitenzi: "She rarely visited us", "He almost fell". Na hapa Mswahili ana mtaji ambao walimu wengi hawautumii. Sisi husema "nusura aanguke", na hakuna anayesema "aanguke nusura". Mtoto anayeijua "nusura" tayari anajua "almost" inakaa wapi. Anayemsumbua ni "never", kwa sababu ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi chenyewe: "hakuwahi kuja". Akiitafsiri hiyo anautafuta ukanushi kwenye kitenzi cha Kiingereza pia, ndipo anapoandika "He did never came" au "He didn't never come". Aambiwe wazi kwamba "never" inatosha kukanusha, kwa hiyo "did" haina kazi hapo na kitenzi kinabaki na sura yake ya wakati uliopita: "He never came".

Kukiwa na "was" au "were" peke yake, kielezi cha kundi hili huhamia nyuma yake: "He was always late". Kukiwa na vitenzi visaidizi, kinaingia baada ya kile cha kwanza: "They had never been paid".

Kosa ambalo ningeanza nalo darasani, hata kabla ya kanuni hiyo, ni la kuchomeka kielezi kati ya kitenzi na shamirisho, yaani kile kinachotendwa. "She cooked well the food." "He closed quickly the door." Kiswahili ndicho kinachotuponza, kwa sababu "alipika vizuri chakula cha wageni" ni sentensi halali kwetu na haimkwazi mtu. Kiingereza hakitaki kitenzi kitenganishwe na shamirisho lake. Kielezi kiende mbele ya kitenzi au kisubiri mwishoni: "He quickly closed the door", "He closed the door quickly". Na "well", "fast", "hard" na "early" kwa kawaida havikai mbele ya kitenzi. Vinasubiri mwisho: "She cooked the food well". Nakubali, kwa shingo upande, kwamba shamirisho likiwa refu sana Waingereza wenyewe hukiruhusu kielezi kipite katikati: "He explained clearly the reasons why the bridge had collapsed". Lakini mtoto wa kidato cha kwanza haandiki mashamirisho ya urefu huo, na asipewe ruhusa hiyo mapema. "She walked quickly to the market" haimo kwenye marufuku hii, kwa kuwa "to the market" ni mahali, si shamirisho.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma hasa. Tunafundisha mahali pa kielezi kana kwamba ni suala la unadhifu, kama kupanga viatu mlangoni, ilhali mahali pale panabadilisha maana. Tazama "He answered the question foolishly". Jibu lake lilikuwa la kipumbavu. Sogeza neno hilohilo: "He foolishly answered the question". Hapa jibu lenyewe huenda lilikuwa sahihi kabisa. Upumbavu ni kule kujibu, pale alipotakiwa kunyamaza. Kwa neno kama hili, kielezi cha mwisho kinaeleza namna tendo lilivyofanyika, na kile cha mbele kimebeba hukumu ya msimulizi.

"I almost lost all my money": nusura nipoteze fedha zangu zote, lakini ninazo. "I lost almost all my money": karibu zote zimekwenda. Fikiria mtu anayeandika maelezo ya madai ya bima kwa Kiingereza cha shule. Neno moja likikaa pasipo pake, maelezo yake yanasema hakupoteza kitu. Au chukua "I really didn't like the food", yaani sikukipenda kabisa, na "I didn't really like the food", yaani sikukipenda sana. Ya pili ina upole ambao ya kwanza haina.

Na kuna "hard". Mwanafunzi aliyeambiwa vielezi vinaishia na "-ly" na hukaa kabla ya kitenzi ataichukua "She worked hard" na kuigeuza kuwa "She hardly worked". Alitaka kusema alifanya kazi kwa bidii. Alichoandika ni kwamba ni kama hakufanya kazi kabisa. Sentensi hiyo ikiingia kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini, itamnyima kazi mtu ambaye mwandishi alikuwa anamsifia, na hakuna kamusi ya kompyuta itakayoipigia mstari mwekundu, kwa sababu kisarufi haina kosa.

"Yesterday" na "last week" vikae mwanzo au mwisho. Mtindo wa "The minister yesterday said" ni wa magazeti, na mtoto asiuchukue kwenye insha. Vielezi vikirundikana mwishoni, kwa kawaida namna hutangulia, kisha mahali, kisha wakati: "She sang beautifully in church yesterday". Na "I already ate" ni ya kawaida kwa Wamarekani, lakini anayefundishwa Kiingereza cha Uingereza aandike "I have already eaten", ambayo ndiyo "nimeshakula" yetu.

Ombi langu kwa wanaotunga mazoezi ya kupanga maneno ni moja. Maneno "foolishly", "he", "answered", "the", "question" yana zaidi ya mpangilio mmoja sahihi, basi msimkate mtoto aliyechagua ule ambao haumo kwenye mwongozo wa kusahihishia. Mpeni ile mipangilio miwili tuliyoiona, kisha mwambieni aandike kwa Kiswahili kila mmoja unasema nini. Akiandika "alilijibu swali kipumbavu" kwa mmoja na "alifanya upumbavu kulijibu swali lile" kwa mwingine, mpeni alama zote.