Daktari anayekujua na friji isiyopimwa

Kwenye mlango wa kliniki ninakotibiwa, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, kuna karatasi yenye kidoa cha rangi ya chungwa: "Inahitaji kuboreshwa." Tangu Aprili 2015 sheria inailazimu kila kliniki ya nchi hii kubandika daraja lake mahali ambapo wagonjwa wataliona. Kliniki yenyewe ni nyumba ya kawaida iliyobanana na nyumba nyingine. Ina madaktari wawili wa familia, nesi mmoja, na mama wa mapokezi anayetambua sauti zetu kwenye simu kabla hatujajitaja.

Karatasi ile ilipobandikwa, mtaa ulikasirika. Jirani yangu, mama mtu mzima kutoka Bukavu, aliichukulia kama tusi kwa daktari aliyemwuguza mumewe hadi dakika ya mwisho. Nami nilikuwa upande wake mpaka nilipoketi nikaisoma ripoti nzima. Wakaguzi walikuta siku kadhaa ambazo joto la friji ya chanjo halikuandikwa. Walikuta pia wagonjwa walioendelea kupewa dawa kali bila majibu ya damu kuangaliwa kwanza. Jirani aliniuliza friji na utu wa daktari vinahusiana nini. Swali lake ni zito kuliko linavyosikika.

Ukaguzi huu hufanywa na CQC, chombo kinachosimamia ubora wa huduma za afya England. Kilianza kuzipa kliniki za madaktari wa familia madaraja mwezi Oktoba 2014. Huuliza mambo matano: je, huduma ni salama, inafaa, ina utu, inamfikia mgonjwa kwa wakati, na uongozi ukoje? Kufikia Mei 2017, asilimia 86 ya kliniki zilikuwa "Nzuri" na asilimia 4 "Bora sana". Asilimia 8 zilihitaji kuboreshwa na asilimia 2 zikaonekana hazifai kabisa. Kwa hiyo kidoa cha chungwa si jambo la kawaida, na kliniki ndogo ndizo zilizoangukia huko mara nyingi zaidi kuliko kubwa.

Lakini waulize wagonjwa wenyewe. Katika dodoso la kila mwaka la wagonjwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, kliniki ndogo kwa kawaida husifiwa kuliko kubwa: simu inapokelewa, daktari anasikiliza, unamwona yule yule uliyemwona mwezi uliopita. Sifa hizo zina uzito hata kwa mtu anayetaka takwimu. Norway ina mpango ambao tangu 2001 humpa kila mkazi daktari wake mwenye jina. Watafiti huko walipochambua kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4, waliwaona waliokuwa na daktari yule yule kwa zaidi ya miaka 15 wana uwezekano mdogo wa kufariki kwa takriban asilimia 25, na wa kulazwa kwa dharura kwa asilimia 28, wakilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Unaweza kudai kwamba anayekaa na daktari mmoja miaka 15 ni mtu aliyetulia kimaisha, na utulivu una afya yake. Sawa, ila nafuu ile ilipanda kadiri miaka ilivyoongezeka, na hapo ndipo dai hilo linapoanza kupungukiwa nguvu.

Namna inavyofanya kazi si fumbo. Muda wa kawaida wa kumwona daktari hapa ni dakika kumi. Asiyekujua hutumia nusu yake kusoma faili. Anayekujua huona umekonda tangu Ramadhani. Kwa sisi tunaoeleza maumivu kwa lugha tuliyojifunzia ukubwani, pengine kupitia mkalimani wa simu ambaye hajui tofauti ya kichomi na kiungulia, kujulikana ni nusu ya tiba. Na kuna habari ambazo mtu hamwambii mgeni, hasa mwanamume wa pwani mwenye miaka yake sitini.

Sasa turudi kwenye friji, au afadhali tuanze na ile damu isiyopimwa. Methotreksati hupewa wagonjwa wa baridi yabisi. Humezwa mara moja kwa wiki, na humsaidia mgonjwa kweli kweli. Lakini inaweza kuuharibu uboho na ini kimya kimya, wakati mgonjwa anajiona mzima na anamshukuru daktari wake. Kinachomwokoa ni kipimo cha damu kila baada ya wiki kadhaa, pamoja na mtu wa kuuliza kwa nini fulani hajaja kupimwa. Daktari awe mpole kiasi gani, hawezi kuziona chembe za damu kwa kumtazama mgonjwa usoni.

Kuna mfano unaoniuma zaidi. Wakaguzi wa CQC huingia kwenye kumbukumbu za kompyuta na kutafuta wagonjwa wa pumu waliopewa pampu 12 au zaidi za bluu, zile za kutuliza haraka, ndani ya mwaka mmoja. Mtu anayemaliza pampu kila mwezi pumu yake haijadhibitiwa, na siku moja inaweza kumuua. Anazipataje zote hizo? Anaomba, naye daktari anayemjua, aliyehudhuria harusi ya binti yake, anaandika. Kumnyima kunaonekana ukatili, na kumwita aje apimwe upya kunaonekana usumbufu. Ule ukaribu tunaousifia ndio unaofungua mlango wa madhara. Kwa hilo mkaguzi asiyemjua mtu yeyote mtaani ana faida ambayo daktari wangu hana.

Waingereza walilipa gharama kubwa sana kujifunza kwamba kupendwa hakuthibitishi usalama. Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde karibu na Manchester, alikuwa kipenzi cha wagonjwa wake, wengi wao wanawake wazee, na watu walitamani kuandikishwa kwake. Mwaka 1992 aliwaacha wenzake akafungua kliniki ya peke yake. Mwezi Machi 1998 Linda Reynolds, daktari wa kliniki ya jirani, alipeleka shaka yake kwa afisa anayechunguza vifo. Kliniki yake ndiyo iliyokuwa ikitia saini ya pili kwenye fomu za kuchoma maiti, na fomu za Shipman zilikuwa nyingi kupita kiasi. Polisi walichunguza wakasema hakuna kitu. Shipman akaendelea kuua hadi alipokamatwa Septemba. Januari 2000 alihukumiwa kwa mauaji ya watu 15, na uchunguzi ulioongozwa na Jaji Janet Smith ukabaini kwamba alikuwa amewaua wagonjwa 215.

Wengi walitarajia uchunguzi ule uzike kliniki za daktari mmoja. Haukufanya hivyo, na sababu mojawapo inafaa kukumbukwa: Shipman aliua pia alipokuwa akifanya kazi na wenzake, katika jengo lenye madaktari wengine. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu na mamlaka ya kuhesabu vifo. Dawa ya pengo hilo ilichelewa mno. Uhakiki wa leseni za madaktari kila miaka mitano ulianza Desemba 2012, na utaratibu wa daktari wa nje kupitia kila kifo ukawa lazima kisheria Septemba 2024, zaidi ya miaka 20 baada ya hukumu.

Nikisema hivyo sina maana kwamba CQC inastahili kuaminiwa tu kwa kuwa ni CQC. Julai 2024 ripoti ya Penny Dash, iliyoagizwa na serikali, ilionyesha kwamba karibu kituo kimoja kati ya kila vitano vinavyosimamiwa na CQC hakikuwahi kupewa daraja lolote, na waziri wa afya Wes Streeting akatamka kwamba chombo hicho hakifai kwa kazi yake. Ripoti ya CQC yenyewe ya mwaka 2022 ilikiri kwamba kliniki zinazoongozwa na madaktari wa asili za kigeni huwa katika mitaa maskini zaidi, na aghalabu zina daktari mmoja. Kliniki kubwa ina meneja wa kuandaa mafaili ya ukaguzi. Kwenye ndogo daktari huyaandaa usiku, akishamaliza wagonjwa.

Kisha kuna ugonjwa wa ukaguzi wowote: siku ya mgeni nyumba hufagiwa. Huko Arusha, watafiti Leonard na Masatu walikaa na madaktari chumbani wakitazama wanavyotibu. Mtazamaji alipoingia, ubora ulipanda ghafla, na baada ya wagonjwa kumi hadi kumi na watano ukarudi ulipokuwa. Maana yake madaktari wale walijua la kufanya. Walikosa sababu ya kulifanya siku isiyo na mgeni. Kwa upande mwingine, jaribio la serikali ya Kenya katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru lilionyesha kwamba wakaguzi wakija mara kwa mara, na wenye makosa wakichukuliwa hatua, usalama hupanda bila wagonjwa kutozwa zaidi. Ziara moja baada ya miaka kadhaa, kama wanavyopata wengi England, iko karibu zaidi na mgeni wa Arusha.

Wenye mamlaka wanapenda njia ya mkato, yaani kuziunganisha kliniki. Mwaka 2013 England ilikuwa na takriban 8,000. Sasa zimebaki takriban 6,200, na wastani wa wagonjwa kwa kila moja umepita 10,000. Ukifika huko utamkuta mfamasia, meneja na friji inayojipima, lakini daktari hakujui. Mimi naona kliniki ndogo inaonewa kwa udogo wake wakati shida yake ni upweke, na upweke una tiba ya bei nafuu zaidi. Tangu Julai 2019 kliniki za eneo moja zimewekwa katika mitandao ya kuhudumia watu 30,000 hadi 50,000, nazo hugawana wafamasia. Mfamasia huyo wa pamoja hana urafiki na mtu mtaani. Kazi yake ni kupitia orodha za dawa na kuuliza nani hajapimwa.

Wetu huja Jumatano. Friji sasa ina kifaa kinachojirekodi, kati ya nyuzi 2 na 8 kama inavyotakiwa, ingawa kidoa cha chungwa bado kipo kwa sababu hakuna aliyerudi kukagua. Wiki mbili zilizopita mfamasia alinipigia simu. Kwa dawa yangu ya presha natakiwa kupimwa figo kila mwaka, na kipimo changu kilikuwa kimechelewa miezi minne. Mwezi mmoja kabla ya simu hiyo nilikuwa kwa daktari wangu. Alinipa pole ya msiba wa kaka, tukakaa dakika ishirini badala ya kumi, akaniandikia dawa zangu, nikaondoka nikiwa na moyo mwepesi. Habari ya figo hakuikumbuka, na mimi pia sikuikumbuka.