Haziko kwenye kibodi

Maneno matatu. Niliyasoma jana usiku kwenye barua pepe, nikayarudia, kisha nikaifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Tupo watu kadhaa tunaojitolea kutengeneza kamusi ndogo ya lugha nyingi, na rafiki yangu ndiye mwenye sehemu ya Kiyoruba, lugha ya Nigeria na majirani zake. Ameihangaikia kwa miezi. Faili likaenda kwa wapanga kurasa, nao wakalihariri, wakahamisha mistari, wakaongeza sentensi zao za mifano, halafu likarudi limenyolewa. Hakuna nukta chini ya ẹ, ọ wala ṣ. Hakuna alama ya toni, ile inayoonyesha sauti ipande au ishuke, hata moja. Tulipouliza, jibu likawa hilo: hizo alama haziko kwenye kibodi, kwa hiyo tumeziondoa, wasomaji wataelewa tu.

Wataelewa tu. Haya, tujaribu. Oko ni shamba. Ọkọ ni mume. Ọkọ́ ni jembe. Ọkọ̀ ni chombo cha safari, gari au mashua. Na lipo la tano, okó, ambalo ukitaka maana yake kamuulize mwenye lugha, ila usimuulize mbele ya wakwe zake. Ukinyoa nukta na toni, yote matano yanakuwa oko. Na hii ni kamusi, jamani! Kitabu ambacho kazi yake ni kutofautisha neno na neno.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna tabia ya kusikia malalamiko haya kama habari za jirani. Herufi zetu si zimo zote? Zimo, na za ziada zimo: Q na X zimekaa pale kama wageni waliokosa nauli ya kurudi kwao. Lakini hebu andika ng'ombe kwenye simu. Unaandika n na g, unahamia ukurasa wa pili wa kibodi kuitafuta ritifaa, unarudi kwenye herufi, na hapo simu imeshaamua kwamba ulitaka kuandika neno lingine kabisa. Ndiyo maana ujumbe mwingi ninaoupata una ngombe na ngambo. Ukishaipata hiyo ritifaa, mambo hayajaisha. Ipo iliyonyooka na ipo iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Kwa hiyo ukimtafuta ng'ombe wa ritifaa iliyonyooka ndani ya waraka ulioandikwa kwa iliyopinda, zipo programu zitakazokujibu kwamba humu hamna ng'ombe. Nyingine huidhania ritifaa kuwa mwisho wa neno, zikampasua mnyama vipande viwili, ng huku na ombe kule. Anayeng'oa na anayelia ngoa si mtu mmoja, lakini nenda kaieleze simu hivyo.

Na hiyo ni alama moja, ya sauti moja. Mwenye lugha yenye irabu saba na toni tatu anapambana nayo kila neno. Tena Kiyoruba kina kero yake ya kipekee: ọ yenye nukta ina nambari yake katika Unicode, ile orodha ya kimataifa inayozipa herufi za kompyuta nambari zake, lakini ukiiongezea toni, ọ́, hakuna nambari moja ya umbo hilo zima. Kompyuta inahifadhi herufi, kisha inahifadhi toni pembeni na kuibandika juu. Katika programu nyingi ukibonyeza kufuta mara moja, toni inaondoka na herufi inabaki. Fonti ikiwa mbovu, toni inaelea hewani kama kofia iliyopeperushwa.

Sasa ninachotaka kusema, na nitakisema kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachonikosesha usingizi, ni kwamba kibodi ni mwalimu wa tahajia aliye mkali kuliko mwalimu yeyote wa darasani. Haibishani nawe, haikuchapi. Inachofanya ni kutokukupa herufi. Wewe unaandika bila hiyo herufi leo kwa sababu una haraka, kesho kwa mazoea, na baada ya miaka mwanao anaandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyoona. Halafu anakuja mtaalamu mmoja anatangaza kwamba “watumiaji wenyewe hawaihitaji alama hiyo”.

Msidhani haya yanazikuta lugha zisizo na serikali tu. Wafaransa, watu wenye chuo kizima cha kuilinda lugha yao, wamekaa miongo mingi na kibodi ya AZERTY, mpangilio wa vitufe wa kwao, ambayo ina kitufe cha é ndogo lakini haina cha É kubwa, wala cha Ç kubwa. Matokeo yake? Wengi wao wakaamini kabisa kwamba herufi kubwa hazivai alama, kana kwamba ni kanuni ya sarufi, ilhali hicho chuo chao kinasema alama hizo zina thamani kamili ya tahajia. Mwaka 2016 Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa ilikiri kwamba karibu haiwezekani kuandika Kifaransa sahihi kwa kibodi inayouzwa Ufaransa. Soma tena hiyo sentensi. Kiwango kipya kikatoka 2019. Waromania nao: herufi yao ni ș, yenye mkato mdogo chini, lakini kompyuta ziliwapa ş, yenye kijimkia kilichoshikamana, ambayo ni ya Waturuki. Wakaandika lugha yao kwa herufi ya watu wengine hadi Unicode ilipowapa nambari za herufi zao mwaka 1999, na hata baada ya hapo kompyuta nyingi zilichelewa kuzijua.

Ila kisa ninachokipenda ni cha Hispania. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya iliitaka ifute kanuni zilizozuia kuuzwa kwa kompyuta zisizo na ñ, eti zinakwaza biashara. Herufi moja! Wahispania wakawaka. Mwaka 1993 serikali yao ikatoa amri ya kuilinda ñ, ikijikinga kwa kipengele cha utamaduni cha Mkataba wa Maastricht. Leo ñ ina kitufe chake, pembeni kabisa mwa L, kidole kidogo cha mkono wa kulia hakihitaji hata kunyanyuka. Haikufika pale kwa hesabu ya mhandisi yeyote. Ilifika kwa sababu wenye nayo walipiga kelele na walikuwa na mhuri wa serikali mkononi. Kiyoruba kina wazungumzaji makumi ya mamilioni na bado tunaambiwa haziko kwenye kibodi.

“Lakini kiufundi ni vigumu.” Hapo ndipo ninapokaribia kutukana. Katika karne iliyopita walikuwepo wasomi wa Kichina waliotaka maandishi yao yatupwe, waandike kwa alfabeti ya Kilatini, na kushindwa kwa herufi zao kuenea kwenye taipureta kulikuwa miongoni mwa hoja. Alama maelfu kwa maelfu, utaziweka wapi? Mwaka 1976 Chu Bong-Foo akaja na Cangjie, njia ya kuivunja alama katika sehemu zake na kuzigawia vitufe vilevile vya kawaida. Mwaka 1983 Wang Yongmin akaja na Wubi: vitufe 25, na alama yoyote haizidi mibonyezo minne. Wengi siku hizi huandika matamshi tu na programu inawapa orodha ya kuchagua. Mwethiopia ana maumbo zaidi ya 200; anabonyeza konsonanti, anabonyeza irabu, umbo linajiunda. Mkorea ana konsonanti mkono wa kushoto na irabu mkono wa kulia, na programu inazipanga silabi katika vijumba vyake jinsi anavyoandika. Yote hayo yamewezekana. Kinachoshindikana kiufundi, inaonekana, ni nukta.

Najua wapo watakaokuja kuniambia tatizo ni QWERTY yenyewe, ule mpangilio wa vitufe tuliouzoea, na kwamba dawa ni Dvorak. Nyie watu hamchoki. QWERTY ni mpangilio wa mashine ya Kiingereza iliyoingia sokoni 1874, na hata sababu ya kupangwa vile bado inagombaniwa. Dvorak ni mpangilio wa Kiingereza wa 1936 uliopangwa vizuri zaidi, kwa Kiingereza. Basi. Hebu mwandishi wa Kiswahili ajaribu neno wakawaangalia: herufi 13, sita kati yake ni a. Katika QWERTY a hiyo yote inabebwa na kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Na mkombozi wetu Dvorak, alipohamisha karibu kila herufi, a aliipeleka wapi? Aliiacha palepale. Hiyo a, pamoja na m. Nimeliweka hilo moyoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: simu zimesaidia. Kibodi ya kioo haina vitufe vya kuchonga, kwa hiyo unaweza kubonyeza o ukakawia kidogo na ọ ikajitokeza, na lugha ambazo hazikuwahi kuota kitufe sasa zina kibodi zao za kupakua. Ipo pia Keyman, programu iliyoanza 1993 kwa ajili ya Kilao na leo inahudumia lugha nyingi mno, bila malipo. Nakubali vilevile, kwa shingo upande, kwamba Wayoruba wenyewe wakiandikiana ujumbe huacha toni na wanaelewana. Sawa. Na mimi huandika “cjui” kwa rafiki zangu. Sitegemei kuikuta kwenye kamusi.

Kuna jambo jingine limeongezeka siku hizi na halichukui maneno mengi. Zile programu za kukisia neno linalofuata hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Yaliyopo yamenyolewa. Kwa hiyo mtu akijitahidi kuweka nukta yake, simu inamshauri aitoe.

Na hata walio na herufi kamili husubiri. Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kubuni maandishi ya Adlam kwa ajili ya Kifulani mwaka 1989 wakiwa bado watoto. Yaliingia kwenye Unicode mwaka 2016. Miaka 27, na kuingia Unicode ni kupewa nambari tu. Fonti na kibodi ni foleni nyingine.

Basi jana, vyombo vilipokuwa vimeoshwa mara ya pili, niliifungua tena kompyuta. Sikuweza kurudisha faili la zamani kwa sababu hawa mabwana waliongeza sentensi mpya, baadhi nzuri, lazima niseme. Nikapakua kibodi ya Kiyoruba. Ilichukua dakika zisizofika tano, na hizo ni pamoja na kusoma maelezo. Nikawatumia wapanga kurasa jina lake na hatua za kuiweka, kwa lugha ya adabu ambayo mama yangu angejivunia. Kisha nikaanza kurudisha nukta moja moja, rafiki yangu akiwa upande wa pili wa simu.

Tulikwenda vizuri hadi kwenye mfano wao mmoja mpya, sentensi ya maneno manne, la mwisho likiwa oko. Nikamuuliza ni lipi. Akanyamaza. Akaniomba nimsomee tena. Akasema linaweza kuwa jembe, linaweza kuwa gari, na kwa namna walivyoipanga hiyo sentensi hata mume anaingia bila shida. Tukaiwekea rangi nyekundu tukaenda mstari unaofuata, ambao nao ulikuwa na oko.