Mchoro wa kazi unajua siku, haujui mfuko

Wanaofundisha usimamizi wa miradi wanaipenda sana mbinu ya kuchora mtandao wa kazi, na wana sababu. Unaorodhesha kazi zote, unakadiria siku za kila moja, kisha unachora mishale kuonyesha ipi haianzi mpaka ipi iishe. Mfululizo mrefu kuliko yote ndio njia kuu. Siku moja ikipotea humo, mradi mzima umechelewa siku moja.

Mchukue mtu anayefungua kiwanda kidogo cha mikate Dar es Salaam kwenye jengo lake, tanuri ameliagiza China. Tuseme tanuri litafika bandarini baada ya siku 45 na kutolewa kwa siku 10. Huku nyumbani, ukarabati ni siku 21, halafu kuunganishiwa umeme wa fezi tatu siku 30. Vyote vikiwa tayari, kufunga tanuri siku 4, majaribio 5. Njia ya tanuri inakula siku 64, ya umeme 60. Mafunzo ya waokaji ni siku 14 tu, kwa hiyo wanaweza kuanza hata siku ya 45. Asiyechora huwaajiri mwezi wa kwanza, akawalipa mshahara wa kukaa.

Faida hiyo ina ushahidi wa tangu mwanzo. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand walibuni hesabu ya njia kuu, na katika kiwanda cha DuPont cha Louisville, Marekani, muda wa kuzima mitambo kwa matengenezo ulishuka kutoka wastani wa saa 125 hadi 93. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani lilileta PERT, mbinu ya kupanga muda wa mradi, kwa ajili ya makombora ya Polaris. Hii hukadiria muda mara tatu. Kutoa mzigo bandarini kukiwa siku 5 mambo yakinyooka, 10 kwa kawaida na 30 yakiharibika, unazidisha ya kawaida kwa 4, unajumlisha zote, unagawa kwa 6: unapata 12.5. Naipenda hesabu hii kwa sababu inamlazimisha mpangaji kulitaja balaa kabla halijamkuta.

Hata hivyo, sifa ambazo PERT ilipewa kwa mradi wa Polaris zipokelewe kwa tahadhari. Harvey Sapolsky, aliyeuchunguza mradi huo na kuandika juu yake mwaka 1972, alionyesha kwamba PERT ilisaidia zaidi kuwaaminisha wakubwa kuwa kazi iko mikononi mwa watu makini kuliko kuiharakisha. Michoro mizuri ukutani bado inafanya kazi hiyo katika ofisi nyingi.

Hesabu nayo ina tundu. Njia zetu mbili zinakutana kwenye kufunga tanuri. Kila moja ikiwa na nafasi ya nusu tu ya kuwahi, na moja haitegemei nyingine, nafasi ya zote mbili kuwahi ni robo. Anayemwahidi mteja mikate siku ya 64 anacheza kamari bila kujua.

Linalonisumbua zaidi ni fedha. Mchoro ule umechukulia kwamba ukarabati na malipo ya tanuri vinaanza siku moja. Mwenye mtaji mdogo hana uwezo huo. Analipia kimoja, kingine kinangoja fedha nyingine, tuseme siku 20. Akianza na tanuri, umeme utakuwa tayari siku ya 71, wakati tanuri limetoka bandarini siku ya 55. Litalala siku 16, na mikate itaanza siku ya 80. Akianza na ukarabati, atamaliza siku ya 84, lakini fedha nyingi za tanuri hazijazama mapema kwenye chuma kinachosubiri umeme.

Mimi ningechagua hiyo ya 84. Mwenye wateja waliokwishaweka oda anaweza kuona siku 4 ni nyingi, na ana haki. Lakini wote wawili watauona uchaguzi huo endapo tu fedha zimechorwa kama kazi, zikiwa na mshale wake: mkopo awamu ya pili, siku 20. Siku za bandarini wamuulize wakala wa forodha, za umeme wamuulize fundi, na mchoro urekebishwe kila wiki kadiri majibu yanavyobadilika.