Msiuonee ugali

Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ikasoma 7.5 (milimoli kwa lita), hafiki nyumbani kabla hajaambiwa aache wanga. Ugali basi, wali basi, viazi basi. Ushauri huo naupinga, na kwa anayemeza kidonge cha kisukari cha glibenclamide au kujidunga insulini nauona wa hatari kabisa. Glibenclamide hulazimisha kongosho kutoa insulini kwa saa nyingi, uwe umekula au hukula. Anayefuta wanga ghafla huku dozi ni ileile ndiye anayeanza kutetemeka na kutoka jasho saa tano asubuhi, kauli zikichanganyika. Sukari ikiwa chini ya 3.9, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Sasa tulifuate tonge. Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi. Kimeng'enya cha amilesi huanza kuikata mdomoni kwa mate, asidi ya tumbo hukisimamisha, kisha kongosho humwaga amilesi nyingine kwenye utumbo mwembamba na kazi humalizikia kwenye kuta zake. Damu yote ya mtu mzima asiye na kisukari, akiwa hajala, ina glukosi ya gramu 4 au 5 hivi: kijiko kimoja cha chai. Ugali wa gramu 200 za unga kavu huleta wanga unaokaribia gramu 150. Yote hiyo inapaswa kutolewa kwenye damu, na insulini ndiyo inayofungua njia. Ini huhifadhi takriban gramu 100 kama glaikojeni, misuli yote pamoja gramu 400 hivi. Glaikojeni ya misuli hairudi tena kwenye damu. Huishia palepale misuli inapofanya kazi. Kwa hiyo mkulima aliyeshinda na jembe ana nafasi ya kuweka mlo wake, na anayekaa kwenye kiti tangu asubuhi hana, ingawa sahani zao zinalingana. Ndiyo maana matembezi ya dakika 15 baada ya mlo yana faida kubwa kuliko watu wanavyodhani: misuli inayofanya kazi huvuta glukosi bila kuitegemea sana insulini.

Kosa la sahani zetu ni mlima wa ugali na kijiko cha mboga. Geuza: nusu ya sahani iwe majani, robo maharage, dagaa au samaki, robo iliyobaki ugali usiozidi ngumi yako. Anza na mboga na maharage. Nyuzinyuzi na protini huchelewesha chakula kutoka tumboni, na glukosi huingia taratibu.

Kuhusu dona, wengi wanaiuza kama dawa ya kisukari. Siyo. Ikisagwa laini kama sembe, wanga wake humeng'enywa karibu kwa kasi ileile. Sifa yake ya kweli ni vitamini za kundi B, madini na nyuzinyuzi zinazobaki, kwa kuwa pumba na kiini havikutupwa. Lakini sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nayo hukaa zaidi humohumo kwenye pumba na kiini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya. Mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe, iwe dona au sembe.

Makande yanastahili heshima kuliko yanayopewa. Protini hujengwa kwa asidi amino: ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo lysini, maharage yanayo tele. Maharage yamepungukiwa nyingine, methionini, mahindi hukopesha. Mchicha nao unahitaji kijiko cha mafuta, maana karotini yake haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kamulia ndimu ili madini ya chuma yaingie, na chai isubiri saa moja hivi, kwani tanini zake huyazuia.

Kama kuna cha kufuta kwenye mlo wa kila siku, ni soda. Chupa ya mililita 350 hubeba sukari inayozidi gramu 35, haina nyuzinyuzi wala protini ya kuichelewesha.

Mwenye kipimo nyumbani apime kabla ya tonge la kwanza, kisha saa mbili baadaye. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari lengo ni kubaki chini ya 10. Ikizidi, kesho apunguze ugali kwa theluthi, mboga iongezwe, apime tena saa zilezile. Aandike namba hizo daftarini pamoja na alichokula na saa aliyomeza dawa, aende nazo kliniki. Sukari ikianza kushuka, daktari ndiye wa kupunguza dozi, na bila daftari hilo atakuwa anakisia.