Red Auerbach hakuwa kocha wa kuhesabiwa vikombe tu

Ubishi wa kocha bora wa mpira wa kikapu ukianza, vijana hutaja Phil Jackson, Pat Riley na Gregg Popovich. Wote wanastahili. Lakini jina la Red Auerbach likiachwa nje, mimi roho haitulii.

Auerbach aliichukua Boston Celtics mwaka 1950. Alipoondoka benchi mwaka 1966 alikuwa ametwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara 9, na 8 kati ya hizo mfululizo. Jackson alikuja kumpita kwa kufikisha 11, sawa. Mimi ninachokitazama ni jicho la Auerbach katika kuchagua watu.

Chukua mwaka 1956. Celtics walikuwa na Bob Cousy, mchezeshaji wao, na walifunga wanavyotaka, ila mpira ukigonga ringi na kurudi, wa kuudaka hakuna. Auerbach akawapa St. Louis Hawks nyota wake Ed Macauley, akaongeza na Cliff Hagan, ili tu apate zamu yao katika drafti, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, amchague Bill Russell, kijana ambaye sifa yake haikuwa kufunga. Itazame mikanda ya zamani. Russell akizuia mpira haupeleki jukwaani kwa mbwembwe. Anaugusa tu, unabaki uwanjani, mwenzake anauokota na shambulizi limeshaanza. Katika miaka ile yote ya ubingwa, mfungaji bora wa ligi hakutoka Celtics hata mara moja.

Halafu kuna mchezaji wa sita, yule anayeingia wa kwanza kutoka benchi baada ya watano walioanza. Auerbach alimweka benchi Frank Ramsey, baadaye John Havlicek, watu ambao timu nyingine zingewaanzisha bila kufikiri. Wapinzani wakianza kuhema, ndipo anamwingiza mtu mwenye miguu mibichi. Leo NBA inatoa tuzo kwa kazi hiyo.

Alikosea pia. Cousy huyohuyo, Auerbach alikuwa amemkataa mwanzoni. Akampata mwaka 1950 kwa bahati ya jina kuchomolewa kwenye kofia, baada ya Chicago Stags, timu iliyokuwa na haki ya Cousy, kuvunjwa. Hakumwekea kinyongo, alimkabidhi timu aiendeshe.

Akiwa kiongozi wa klabu, mwaka 1978 alimchagua kwenye drafti Larry Bird, nyota wa baadaye, akijua kijana bado ana mwaka mmoja wa chuo. Timu 5 zilikuwa zimempita. Yeye akasubiri. Miaka miwili baadaye, kwa dili moja na timu ya Golden State, akampata Robert Parish pamoja na zamu ya drafti iliyomleta Kevin McHale.

Lakini kwangu jambo lake kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka 1950 Celtics ilimchagua Chuck Cooper, mchezaji wa kwanza mweusi kuchaguliwa na timu ya NBA. Desemba 1964 Auerbach alianzisha wachezaji watano wote weusi, jambo ambalo ligi haikuwahi kuliona. Na hii ilikuwa Boston, ambako Russell mwenyewe alivunjiwa nyumba na kuchafuliwa kitanda chake.

Fainali za 1966, Celtics wakapoteza mchezo wa kwanza mbele ya Los Angeles Lakers. Auerbach akatangaza kwamba anastaafu ukocha na anayemrithi ni Bill Russell, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA. Kesho yake habari ikawa Russell, ushindi wa Lakers ukasahaulika. Celtics walichukua ubingwa katika mchezo wa 7, ambao ndio wa mwisho, kwa pointi 95 dhidi ya 93.