Marahaba ya Dola 120

Najua rafiki yangu Mangi ameshawasimulia yaliyonikuta nikinunua kadi ya besiboli. Leo asubuhi mtu wa Tandika, ambaye hajawahi hata kuzishika kadi hizi, zile zenye picha ya mchezaji ambazo watu hukusanya, ameniandikia "nusu kilo" na emoji sita za kucheka. Basi kaeni niwape yenyewe, maana ya Mangi ina uongo sehemu mbili. Sikulia, na sikupiga magoti. Niliinama tu.

Ilikuwa Jumamosi, nje kidogo ya Columbus, Ohio, kwenye gereji seli. Kwa mlioko nyumbani: mtu anamwaga vyombo vyake mbele ya gereji, anabandika bei, anakaa kwenye kiti. Huyu alikuwa mzee wa Kizungu, kofia imeshuka machoni, mikono tumboni. Nikaamua amelala. Hilo ndilo kosa la kwanza, lihesabuni.

Kati ya pasi za umeme na glasi za mvinyo kulikuwa na faili la kadi. Nikafungua, nikakuta mchezaji wa zamani Monte Irvin, wawili, wamekaa jirani. Mmoja ni wa kampuni ya Topps, 1952, namba 26, amebandikwa kibandiko cha njano: ROOKIE, dola 60. Mwingine ni wa kampuni ya Bowman, 1951, namba 198, mkunjo mmoja umekata bega, kibandiko: dola 15.

Moyo ukapiga kama ngoma ya vanga.

Wadau wa kadi mmeshaelewa. Wengine sogeeni. Rukii ni kadi ya kwanza ya mchezaji akiwa ligi kuu, iliyotoka kwenye seti iliyouzwa nchi nzima. Za ligi ndogo hazihesabiwi, ndiyo maana Babe Ruth wa gazeti la Baltimore News wa 1914 wengi humweka pembeni na kuanza na yule wa 1916. Wala si lazima iwe ya mwaka alioanza kucheza. Irvin alitoka timu ya Newark Eagles akaingia Giants ya New York 1949, lakini Bowman hawakumtoa mwaka huo wala 1950. Walimtoa 1951, mwaka ambao alisababisha mikimbio 121 akaongoza National League. Kwa hiyo ya dola 15 ndiyo rukii, na ile ya dola 60 ni mdogo wake. Vibandiko vilikuwa vimebadilishana.

Mtu mwenye akili hapo analipa kimya kimya, anaondoka. Mimi nilikuwa na Mangi.

"Ya Topps ndiyo rukii," Mangi akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mnadani. "Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani? Malaika?"

"Kaka, kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kadi ya milioni 12.6 iweje isiwe ya kwanza?"

Jamani, hapo alinigusa penyewe. Hii hoja naichukia kuliko foleni ya Ubungo. Nikaweka miwani kichwani, nikaanza darasa, nami nikiwa na uhakika kwamba Kiswahili katika kitongoji kile ni sawa na kunong'ona.

Nikamwambia pesa haibadilishi cheti cha kuzaliwa. Mantle wa kwanza ni Bowman ya 1951, namba 253. Yule wa Topps, namba 311, amepanda bei kwa sababu nyingine kabisa: seti ya 1952 ina kadi 407, na fungu la mwisho, kuanzia hiyo 311, lilifika madukani msimu umekwisha. Halikununuliwa. Sy Berger wa Topps mwenyewe alisimulia jinsi mabaki yalivyopakiwa kwenye tishari mwaka 1960 yakamwagwa baharini. Na aliyeuzwa hizo milioni alikuwa na daraja la ubora la 9.5 kati ya 10, yaani pembe zake zingekukata kidole. Willie Mays naye hivyo hivyo: Bowman 1951 namba 305 kwanza, Topps 1952 namba 261 baadaye.

Mangi akakaza shingo. Nikatoa rula. (Ndiyo, natembea na rula. Wewe unatembea na nini?) Nikampimia hadharani. Bowman ya 1951 ni sentimita 5.2 kwa 7.9. Ikipungua hata milimita moja upande mmoja, shuku wembe: mtu kakata kingo zilizochakaa ili zionekane mpya. Hii ilitimia. Nikaipitisha kwenye lenzi ya kukuza. Picha ni ya kuchorwa, wino umejengwa kwa nukta nukta, lakini kisanduku cha jina ni cheusi kizima, hakina nukta. Nakala zilizopigwa picha upya huingiza nukta hata kwenye weusi wa jina. Nikageuza: karatasi ya kijivu, maelezo ya maisha yake, hakuna jedwali la takwimu. Jedwali la mwaka uliopita na la jumla ya maisha waliliweka Topps 1952. Safi. Halali. Dola 15!

"Halafu tazama huyu mtu alivyo," nikaendelea. Hapa nawaomba watoto watoke sebuleni. "Topps ya 1952 ni sentimita 6.7 kwa 9.5, yeye kaisokomeza kwenye mfuko wa kadi za leo, wa 6.4 kwa 8.9. Pembe zimejikunja zote. Penye miti hapana wajenzi, Mangi. Babu amekula chumvi nyingi, akili imebaki nusu kilo."

Na kwa kuwa mdomo ukishafunguka haujui pa kusimama, nikapigilia msumari: "Tena Topps hawakuwa na kadi ya besiboli kabla ya 1952. Niandikie popote. Nikikosea, pilau ya mbuzi juu yangu, ukoo wako wote."

Nikatoa noti tatu za dola tano. Nikazinyoosha. Nikavaa Kiingereza changu cha benki, nikamwambia mzee nachukua hii ya zamani iliyokunjika, kwa ajili ya mtoto.

Sasa twendeni polepole.

Mzee hakupokea. Alinyanyua kofia kwa kidole kimoja. Akavua miwani. Akavuta pindo la shati, akafuta kioo cha kulia. Akafuta cha kushoto. Akakiangalia kwenye mwanga, akarudi kukifuta tena cha kulia. Noti zangu zilikuwa hewani zikitetemeka na upepo wa feni iliyokuwa inauzwa dola 8. Nyuma yangu nikasikia changarawe. Mangi alikuwa anarudi nyuma. Mangi ana pua ya fisi kwa balaa, huinusa kabla haijafika.

Mzee akavaa miwani. Akanitazama.

"Kijana," akasema. "Tangu umefika hapa hujaniamkia."

Si kwa Kiingereza. Wala si kile Kiswahili cha mtalii wa Ngorongoro. Kilikuwa Kiswahili cha kusini, kilichotulia, kila irabu imekaa kwenye kiti chake. Nikahisi jasho linaanzia kisogoni, likashuka mgongoni bila haraka, kama linapanga foleni. Nikataka kusema kitu. Kikatoka "shi". Nikameza mate. Nikainama, noti bado mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Akaniacha pale. Naapa ndege aliruka kutoka mti mmoja hadi mwingine, akatulia, akajisafisha bawa.

"Marahabaaa."

Kumbe alifundisha hesabu Lindi, 1965 hadi 1967. Hesabu, jamani! Na mimi nilikuwa nampimia milimita.

"Bei hizo kabandika mjukuu wangu," akasema, "na mifuko hiyo kachagua yeye. Nimemwacha, anajifunza. Darasa lako lilikuwa zuri, nami sikutaka kulikatiza. Ila ile nusu kilo iliyobaki inaniambia mwishoni umekosea."

Akainama chini ya kiti, akatoa kopo la biskuti. Ndani ya kopo, kadi ndogo, sentimita 5.1 kwa 6.7, pembe za mviringo kama karata, mgongo mwekundu. Topps. Mwaka 1951. Namba 50. Monte Irvin anatabasamu kama vile na yeye alikuwa anasikiliza.

Nilikuwa nimezisahau, mimi mwenye rula. Kati ya seti walizotoa Topps mwaka ule kulikuwa na migongo myekundu 52 na migongo ya bluu 52. Ni kadi za mchezo wa mezani: unafunua moja moja, kila moja ina tukio lake la besiboli. Wapo wanaozikataa kwa sababu hiyo hiyo, wanasema karata si kadi. Mzee hakubaliani nao. Kwake Irvin ana rukii mbili za mwaka mmoja, na anayetaka moja tu ashike Bowman kwa uzuri wa mchoro, asisingizie tarehe. Nilitafuta pa kumpinga. Sikupaona, na bado sijapaona.

"Mti ninao," akasema huku akitafuta kalamu. "Na mjenzi ni mimi."

Akaongeza sifuri mwishoni mwa 15. Mia na hamsini. Mkono ule ule, taratibu, kama anasahihisha daftari la kidato cha pili. Nikaomba punguzo kwa heshima zote nilizofundishwa na bibi yangu, na za kuazima. Akashusha hadi 120, akasema hizo 30 ni za shikamoo, ingawa ilichelewa.

Nikalipa. Mangi nilimkuta ndani ya gari, amejifunika koti, anarekodi sauti. Pilau ililiwa Jumapili, watu kumi na mmoja, mbuzi alikuwa ghali. Mzee alikuja na mkewe, akala kwa mkono, akaomba pilipili. Kadi iko kabatini kwangu, imesimama kwenye plastiki ngumu ya saizi yake, msiulize tena.

Mangi kamuunga mzee kwenye grupu letu la WhatsApp jana usiku. Wanagrupu 214. Ujumbe wake wa kwanza umeingia saa kumi na mbili asubuhi:

"Habari za kuamka. Naona wengi mmesoma, mmenyamaza. Nani hajaniamkia?"