Hansel na Gretel: njaa ya nani jukwaani?

Desemba ikifika, majumba ya opera ya Ujerumani hujaa watoto. Kinachowavuta zaidi ni Hänsel und Gretel ya mtunzi Mjerumani Engelbert Humperdinck, iliyooneshwa mara ya kwanza mjini Weimar tarehe 23 Desemba 1893, Richard Strauss akiongoza okestra. Kwa familia nyingi hii ndiyo opera ya kwanza ya mtoto. Ndiyo maana mwongozaji mpya akiigusa, ugomvi hauchelewi. Wako wanaotaka msitu, malaika na nyumba ya keki ya tangawizi vibaki kama vilivyo, na wako wanaotaka jukwaa liseme habari za dunia ya leo.

Onyesho linalonifanya nishindwe kukaa upande mmoja kirahisi ni lile la Stuttgart la Oktoba 2017. Mwongozaji wake, Mrusi Kirill Serebrennikov, alikwenda Rwanda kupiga filamu. Hansel na Gretel wake ni watoto wawili wa huko, wanaotoka katika maisha magumu na kujikuta Stuttgart, katikati ya maduka. Kabla kazi haijakamilika, Agosti mwaka huo, akawekwa kifungo cha nyumbani mjini Moscow. Jumba la opera halikumpa mtu mwingine kazi ile aimalizie. Lilionesha filamu, waimbaji wakaimba na okestra ikapiga, na palipobaki wazi pakaachwa wazi makusudi, kila mtazamaji ajue kwamba mwenye kazi amezuiwa kufika.

Wanaotetea mtindo wa zamani wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Katika tendo la pili watoto wamepotea msituni, giza limeingia, wanapiga magoti na kusali: malaika 14, wawili kichwani, wawili miguuni, wawili kulia, wawili kushoto, na kuendelea. Wakishalala, hakuna anayeimba tena. Okestra peke yake inawateremsha malaika hao. Muziki ule umetungwa kwa ajili ya kitu kinachoonekana. Ukiondoa malaika bila kuweka kitu chenye uzito uleule, unabaki na dakika kadhaa za sauti nzuri zisizo na kazi.

Lakini inawezekana kuweka kitu kingine. Richard Jones, katika onyesho lake la Welsh National Opera la mwaka 1998 lililofika baadaye Metropolitan ya New York, aliwaleta wapishi wenye vichwa vikubwa, wakawaandalia watoto karamu. Mtoto aliyelala na njaa huota nini kama si chakula? Hapo mwongozaji hakuupinga muziki, aliusoma vizuri.

Maana opera hii, chini ya sukari yake yote, inahusu njaa. Katika ngano ya ndugu Grimm ya 1812, wazazi wanawatupa watoto msituni kwa sababu chakula kimekwisha. Adelheid Wette, dada yake Humperdinck aliyeandika maneno ya opera, alilainisha ukatili huo, ila njaa hakuifuta. Nyumbani kuna jagi moja la maziwa, tena ya kupewa na jirani. Mama anarudi amechoka, anakuta watoto wanacheza badala ya kufanya kazi, hasira zinampanda, jagi linaanguka na kuvunjika. Anawafukuza waende kuchuma stroberi, kisha anabaki peke yake akimwomba Mungu amrushie pesa kutoka juu. Baba, mtengeneza fagio, anaingia akiimba kwamba njaa ndiyo mpishi bora. Siku hiyo ameuza vizuri, na anatoa kapuni siagi, unga, soseji, vitunguu, mayai 14. Mke anashtuka: mayai yalivyo ghali siku hizi! Mzazi yeyote anayehesabu hela ya sokoni anaijua sauti hiyo.

Kwa hiyo ninakubaliana na Serebrennikov kuirudisha njaa mbele. Ninakubali pia alivyomwona mchawi wa nyumba ile ya keki msituni: kizee anayekulisha vitamu ili akule mwenyewe anaeleza mengi kuhusu ahadi ambazo Ulaya huwaonesha vijana wetu. Na Rwanda si nchi iliyookotwa tu kwenye ramani, kwani Ujerumani iliitawala pamoja na Burundi na Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza.

Kinachonisumbua ni kwamba njaa ya opera hii ilikuwa ya Wajerumani wenyewe. Ikishapewa sura ya mtoto wa Kiafrika, mtazamaji wa Stuttgart anaweza kuhuzunika sana, kwa dhati kabisa, huku akiiona kuwa jambo la mbali. Nasi tumechoka kuwa picha ambayo wengine huitumia kila wanapotaka kuzungumzia ufukara. Watetezi wa filamu ile watajibu kwamba Serebrennikov aliwaleta watoto hao mpaka mlangoni pa tajiri ili umbali huo usiwepo. Ni jibu la haki, ila kwangu halitoshi.

Ujerumani ya leo ina mashirika zaidi ya 900 ya Tafel, yanayokusanya chakula kinachobaki madukani na kuwagawia wasiojiweza, watoto wakiwemo. Foleni hizo zipo katika miji ileile yenye majumba ya opera. Mwongozaji atakayeliweka jagi la maziwa mikononi mwa mama aliyetoka kwenye foleni hiyo atakuwa na haki ya kubadili atakacho katika tendo la pili, hata malaika.